Werevu na Hiana Katika Mbio za Baiskeli

Msomaji kijana, yawezekana umepata kusimama kando ya barabara siku ya Jumapili ukangoja mbio za baiskeli zimalizike. Hapana kiingilio, hapana viti, na aghalabu hapana hata kivuli. Mstari wa kumalizia umepigwa kwa chokaa juu ya lami, mwamuzi amesimama na daftari lake mkononi, na watoto wamekwisha kuvuka barabara mara 20 hali wamekatazwa. Halafu kelele husikika kutoka upande wa kona, na watu 10 au 15 waliosalia mbele baada ya kilomita 80 hutokea wameshikamana kama kundi la nyuki. Kwa muda wa kuvuta pumzi mbili tatu wote wamekwisha kupita. Mshindi hujulikana, na watazamaji hutoa hukumu yao papo hapo.

Hukumu hiyo ya watazamaji ndiyo niliyokuja kuishtaki hapa. Nimeisikia mara nyingi, na mara nyingi nimeiona imesimama juu ya kichwa badala ya miguu. Akishinda mtu aliyejikinga nyuma ya wenzake njia nzima, akajitokeza mwishoni tu, huitwa kupe, mwizi, mla jasho la wengine. Akishinda mtu aliyemhamia mwenzake ubavuni akamfungia njia hata akatoka nje ya lami, huitwa jogoo, huinuliwa mabegani, na husemwa kwamba mchezo anaujua. Mimi nasema yule wa kwanza hana kosa lolote, na huyu wa pili hastahili hata jina lake kuandikwa katika daftari la mwamuzi. Tumemtukana mwerevu tukamvika taji mwenye hiana.

Na tuanze na huyo aitwaye kupe, maana kesi yake ni nyepesi ingawa maadui zake ni wengi.

Mpinzani mkubwa wa mpanda baiskeli katika njia tambarare si umbali, wala si uzito wa chuma alichokikalia. Ni hewa. Afikapo mwendo wa kilomita 40 kwa saa, sehemu kubwa kabisa ya nguvu zake huliwa na upepo autengenezao mwenyewe kwa kwenda kwake. Tena upepo huo hauna huruma ya hesabu: ukizidisha mwendo mara 2, nguvu zitakiwazo ili kuupasua huzidi mara 8. Lakini nyuma ya mtu aendaye kwa mwendo huo hubaki mahali palipotulia, mfano wa kivuli nyuma ya ukuta. Ajibanzaye hapo, tairi lake likiwa karibu na tairi la mwenzake, huokoa robo na pengine theluthi ya nguvu zake. Jambo hili si siri ya mabingwa. Mchuuzi wa maziwa alijua, zamani kabla sijazaliwa, alipojibanza nyuma ya lori lililolemewa na mzigo, ingawa sikushauri umwige.

Sasa fikiri. Ikiwa kila mtu katika kundi anajua kwamba kukaa mbele kunachosha na kukaa nyuma kunapumzisha, ni nani aliyeibiwa? Yako mashindano ambayo kila mtu hupanda peke yake akishindana na saa, na humo kujikinga nyuma ya mwingine kumekatazwa. Achukiaye kupe na aende huko. Aliyekubali kuanza na kundi amekubali upepo na kinga yake pamoja. Wala aliye mbele hakufungwa kamba. Aweza kupunguza mwendo akajitenga kando na kumwachia mwingine zamu. Aweza kungoja mlima, mahali ambapo mwendo ni mdogo na kinga haifai kitu, akamwacha kupe wake akihema. Aweza kuondoka ghafula wakati mwenzake anakunywa maji. Asipofanya hata moja katika haya, akambeba mwenye mbio hadi mita 200 za mwisho, asilie kwamba amekatwa na shoka alilolinoa mwenyewe.

Kinga hii ina adabu zake, nakiri. Watu watatu wakilitoroka kundi na kukubaliana kupokezana zamu ya mbele, si uungwana mmoja wao aingie katika zamu kisha aache pengo makusudi ili wenzake wahangaike kuliziba. Ikiwa hataki kusaidia, au nguvu zimemwishia, na aseme, akae mkiani. Yuko pia yule aguguniaye kwa uchungu, akashika paja kana kwamba mshipa umemkaza, kisha zikibaki mita 300 huruka kama swala. Huyo simpendi. Lakini kutompenda mtu si sawa na kumwita mvunja sheria, na wenzake walikuwa na macho.

Werevu wa namna hii umeipatia Afrika heshima. Tarehe 27 Machi 2022, huko Ubelgiji, Biniam Girmay wa Eritrea alifika mwisho wa mbio za Gent–Wevelgem pamoja na watu watatu, wote wazoefu wa barabara zile kuliko yeye. Hakungoja waanze wao. Alifyatuka mapema kuliko walivyotazamia, naye akawa Mwafrika wa kwanza kuzishinda mbio hizo. Miaka miwili baadaye, katika Tour de France ya 2024, alishinda siku 3 na kuvaa fulana ya kijani mpaka mwisho, fulana ambayo mara nyingi huwa ya wafyatukaji. Hapana aliyedai kwamba mtu huyu aliwafungia wenzake njia huko Wevelgem. Aliwashinda kwa kuchagua wakati, na kuchagua wakati ni akili.

Basi tumwache mwerevu aende zake kwa amani, tumgeukie mwenye hiana.

Ili uelewe ubaya wa kosa lake, chukua baiskeli 2 uziweke moja nyuma ya nyingine, kisha isogeze ya nyuma hata gurudumu lake la mbele liwe ubavuni mwa gurudumu la nyuma la ile ya kwanza. Sasa aliye mbele na ahame kidogo, shibiri moja tu. Tairi zitagusana. Aliye mbele huhisi mtikiso, basi. Gurudumu lake la nyuma halishikwi na usukani, tena limebebeshwa uzito wa mwili wake, naye huendelea na safari. Lakini aliye nyuma gurudumu lake la mbele limezuiwa upande mmoja. Hawezi tena kugeuza usukani ili ajisawazishe, na baiskeli isiyoweza kusawazishwa kwa usukani huanguka hapo hapo. Ndivyo mambo yalivyo: mtenda kosa hubaki wima, mtendewa hulala chini. Mwenye kosa haoni kitu, haumwi na kitu, wala hageuki nyuma, kwa sababu mstari uko mbele yake na watu wanamshangilia.

Wakati huo mwendo ni kilomita 60 na zaidi kwa saa. Kwa mwendo wa kilomita 65 mtu hupita mita 18 kila sekunde moja, na mita 200 za mwisho humalizika kwa sekunde 11. Nguo aliyovaa ni nyembamba kama ganda la kitunguu. Kilichopo baina ya fuvu lake na lami ni kofia yenye uzito wa robo kilo hivi. Na walio nyuma yake, ambao hawakutenda wala kutendewa, hawana mahali pa kukwepea ila juu ya mwili wake.

Kwa sababu hiyo sheria ya shirikisho la dunia la mchezo huu, UCI, haikuzunguka maneno. Mpanda baiskeli amekatazwa kabisa kuiacha njia aliyoichagua alipoanza kufyatuka, na kwa kufanya hivyo kuwahatarisha wengine. Itazame vizuri sheria hiyo. Haisemi mpaka mtu aanguke. Haisemi mpaka damu imwagike. Inasema kuhatarisha. Tarehe 4 Oktoba 2020, katika mbio za Liège–Bastogne–Liège, Julian Alaphilippe wa Ufaransa, aliyekuwa ametwaa ubingwa wa dunia wiki moja tu kabla, alihama njia yake mwishoni akawatatiza Marc Hirschi na Tadej Pogačar. Hapana aliyeanguka. Kisha akainua mikono kushangilia ushindi kabla hajafika mstarini, na Primož Roglič akasukuma gurudumu lake mbele akashinda. Dunia ilicheka kwa ajili ya mikono. Waamuzi hawakuangalia mikono. Waliangalia njia, wakamteremsha bingwa wa dunia kutoka nafasi ya 2 hadi ya 5.

Miezi miwili kabla ya hapo watu hawakucheka. Tarehe 5 Agosti 2020, mjini Katowice katika mbio za Poland, Waholanzi wawili, Dylan Groenewegen na Fabio Jakobsen, walifyatuka katika barabara iteremkayo kwa mwendo wa karibu kilomita 80 kwa saa. Groenewegen aliihama njia yake akamsukumia Jakobsen kwenye vizuizi vya kando. Vizuizi vikafumuka. Jakobsen alilazwa katika usingizi wa dawa, uso wake ukashonwa, na meno yake mengi yakapotea. Ushindi alipewa akiwa hajitambui. Groenewegen alifungiwa miezi 9. Waliopanga mwisho wa mbio kwenye mteremko ule nao hawakukosa lawama, na kwa haki. Hata hivyo mteremko haukuhama njia. Jakobsen alirudi barabarani mwaka 2021, na Julai 2022 alishinda siku moja ya Tour de France nchini Denmark. Kesho yake alishinda Groenewegen. Wapo waliosema kwamba hadithi hiyo imeisha vizuri. Mimi naona imeisha vizuri kwa sababu Jakobsen alikuwa na timu, madaktari wa upasuaji na mshahara.

Je, wewe na mimi tunao? Hapa ndipo ninapotaka unisikilize, maana mashindano yetu si ya watu wa kulipwa. Aangukaye kwenye mbio za Jumapili hurudi Jumatatu kuuza duka, kufundisha darasa, au kubeba mizigo kwa baiskeli ile ile iliyopindika. Gari la hospitali huenda halipo. Barabara yenyewe haikufungwa: matatu hupita, pikipiki hupita, na pengine mbuzi. Matuta yamewekwa mahali ambapo hapana alama. Zawadi ni ndogo kiasi kwamba haiwezi kununua plasta. Barabara hutuchukulia watu wa kutosha bila msaada wa hiana yetu. Mwezi Agosti 2022 Kenya ilimpoteza Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya Amani, aliyeanguka kwa kasi katika mbio za njia za changarawe huko Vermont, Marekani. Hiyo haikuwa kazi ya kumalizia mbele ya mstari, wala sina wa kumlaumu kwayo. Naikumbusha ili ujue kwamba mwendo peke yake ni hatari tosha hata kwa fundi wa kazi.

Wenye kumtetea mwenye hiana wana maneno matatu. La kwanza ni methali: mwenye nguvu mpishe. Methali hiyo ni njema barabarani, apitapo mwenye lori nawe una miguu yako miwili. Katika mashindano haina mahali, kwa kuwa aliyefungiwa njia mara nyingi ndiye mwenye nguvu zaidi. Ndiyo sababu alikuwa anapita! Hapana mtu amfungiaye njia mwenzake anayerudi nyuma. Kuhama njia ni ungamo la mtu aliyekwisha kuhisi kwamba ameshindwa.

La pili ni kwamba hata wakubwa hufanya, na waamuzi wao hukosea. Ni kweli. Mwaka 2017, mjini Vittel, Mark Cavendish aligongana na Peter Sagan akatupwa kwenye vizuizi, akavunjika mfupa wa bega; Sagan akafukuzwa katika Tour de France. Mwezi Desemba mwaka ule ule shauri lilimalizika kwa kukubaliana kwamba lile halikuwa jambo la makusudi. Lakini hilo latufunza nini? Kwamba moyo wa mtu haupimiki kutoka kando ya barabara. Njia hupimika. Mwamuzi wa mtaani asiye na picha wala kinasa sauti hawezi kujua uliwaza nini, bali aweza kuona kwamba ulianza kulia ukamalizia kushoto.

La tatu ndilo baya kuliko yote, nalo ni hili: sikumwona.

Neno hili nalijua kwa sababu nimelisema. Nilipokuwa kijana, katika mashindano ya wilaya ambayo sina haja ya kuyataja, tulifika watu sita katika mita za mwisho. Nilikuwa mbele. Nilisikia mnyororo wa mtu upande wangu wa kushoto, na kwa mlio wake nilijua kwamba anakuja kwa kasi kuliko yangu. Nilisogea kushoto. Haikufika nusu mita. Nyuma yangu kulitokea mlio kama wa sufuria zilizoangushwa, nami nikavuka mstari nikiwa wa kwanza. Nilipewa saa ya mkononi na tairi 2 mpya. Aliyeanguka alivunjika mfupa wa mtulinga. Alikuwa akipeleka maziwa kwa baiskeli kila alfajiri, na kwa majuma 7 kazi hiyo ilifanywa na mdogo wake, ambaye kwa ajili hiyo hakwenda shule. Watu waliponiuliza nilisema sikumwona, na kwa kweli macho yangu hayakumwona. Lakini nilijua. Mwamuzi alicheka, akasema ndivyo mchezo ulivyo, na watazamaji waliniinua mabegani. Saa ile nilimpelekea yule kijana baada ya mwaka mmoja. Aliipokea kwa adabu, hakuivaa hata siku moja mbele yangu.

Basi kijana, ukijiona umeiva kwa mbio za barabarani, jizoeze kufyatuka kabla hujajizoeza kushinda. Tafuta barabara tulivu, uchague ufa au mstari wa rangi katika lami, upande mita 200 kwa nguvu zako zote huku umeinama, bila kutoka juu ya mstari huo. Utashangaa. Mwili uliochoka huvuta usukani, na baiskeli huyumba kama ng'ombe aliyekatwa kamba. Asiyeweza kushika mstari peke yake hataushika akiwa na watu 5 ubavuni. Ukiwa huna mbio za kumalizia, nalo si aibu, usijipenyeze mbele katika mita hizo kwa ajili ya kuonekana na jamaa zako; rudi nyuma polepole, ushike njia yako, usikamate breki. Ukimaliza kumvuta mwenzako wa timu, jitenge kidogo kidogo na upande mmoja, usisimame kama mti katikati ya njia. Usiinue mikono ikiwa kuna mtu karibu nawe. Ukivuka mstari endelea kwenda, maana walio nyuma nao wanaumaliza mwendo ule ule.

Na ukishindwa kwa halali, ushindwe kama mtu. Tarehe 17 Mei 2022, mjini Jesi katika mbio za Italia, Girmay alifyatuka sambamba na Mathieu van der Poel wa Uholanzi kwa muda mrefu, bega kwa bega, kila mmoja katika njia yake. Van der Poel alipoona hawezi tena, alikaa kitini na kumwinulia mwenzake kidole gumba kabla hata mstari haujavukwa. (Furaha haikudumu: jukwaani kizibo cha chupa kilimpiga Girmay jichoni, akaondoka mashindanoni.) Nimeitazama picha ya mfyatuko ule mara nyingi kuliko nilivyoitazama saa yangu yote mwaka ule niliokuwa nayo.

Nawe usiyepanda, usimamaye tu kando ya barabara na ukelele wako, una kazi pia. Siku atakaposhinda kupe, mpigie makofi. Siku atakaposhinda mwenye kuhama njia, hata kama ni wa kijiji chako, funga mikono, uende kwa mwamuzi umwambie ulichokiona kwa macho yako, alianzia wapi na alimalizia wapi. Nenda upesi kabla zawadi haijatolewa. Ikikwisha kutolewa, sijapata kumwona mwamuzi wa mashindano yetu aliyekwenda nyumbani kwa mtu kudai tairi.